Gari Linalokataa Kuwaka na Dereva Anayesingiziwa



Tumepokea malalamiko ya wenzetu wanaoendesha magari ya kusambaza bidhaa hapa Kampala, na wengine wa njia ya Malaba, kwamba gari linakataa kuwaka asubuhi, lakini fundi akija linawaka kama kawaida. Tajiri husema dereva ni mvivu, au ameharibu makusudi. Mwanachama wetu mmoja alikatwa mshahara mara mbili kulipia gharama za gari kukokotwa. Tulipokwenda kuonana na msimamizi wake alituuliza, "Kama gari ni bovu, mbona fundi akilishika linawaka?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliomba ruhusa, tukarudi na fundi wa umeme.

Ufunguo wa gari la siku hizi si chuma kitupu. Ndani ya plastiki ya kushikia mna kidude kidogo kiitwacho chipu, chenye namba yake ya siri, na kuizunguka swichi kuna pete ya waya. Ukifungua swichi, pete huipa chipu nguvu (yenyewe haina betri), nayo hutaja namba yake. Kompyuta ya gari ikiitambua, injini hupata mafuta na moto. Isipoitambua, utazungusha mpaka betri iishe. Kinga hii ililetwa kwa ajili ya wezi; Uingereza iliilazimisha kwa magari mapya ya abiria tangu Oktoba 1998. Mwizi aliyechonga ufunguo wa bati haendi popote. Lakini kinga ikikosea, humzuia hata dereva halali.

Basi gari likikataa, usikimbilie kulisukuma, maana kama kompyuta imekataa ufunguo, kusukuma hakusaidii kitu. Sikiliza kwanza. Stata isipozunguka, au ikitoa mlio wa tik-tik tu, anza na betri na vichwa vyake: betri nzima iliyopumzika hupima karibu volti 12.6. Betri dhaifu huidanganya hata kompyuta. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isishike, au ishike sekunde moja mbili na kufa, tazama dashibodi. Iko taa ndogo yenye mchoro wa ufunguo au kufuli. Katika magari mengi humweta gari likiwa limefungwa, na huzimika ufunguo ukikubaliwa. Ikiendelea kumweta wakati swichi iko wazi, ufunguo umekataliwa. Ziko aina za magari ambazo kinga huizuia hata stata, kwa hiyo iamini taa kuliko sikio.

Hapo toa ufunguo peke yake katika kifungo cha funguo, ujaribu tena. Kisha jaribu ufunguo wa akiba. Ukiwasha kwa wa akiba, ubovu uko kwenye ule wa kwanza: pengine ulianguka, au ulibadilishwa ganda kando ya barabara na chipu ikabaki kwenye ganda la zamani. Zote mbili zikikataa, fundi aangalie pete ya swichi na plagi yake. Kwa gari la kubonyeza kitufe, betri ya ufunguo huenda imekwisha. Katika Toyota nyingi ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe huku umekanyaga breki, kisha ukakibonyeza, litawaka. Usimruhusu fundi wa njiani akate waya. Wewe ndiwe utakayelipishwa.

Kwa mwenzetu jibu lilikuwa la kushangaza kwa udogo wake. Ofisi ilikuwa imefunga funguo za magari mawili katika pete moja ili zisipotee. Chipu mbili zikikaribiana huingiliana, na kompyuta haisikii namba sawasawa. Siku ufunguo wa pili ukining'inia mbali, gari huwaka. Siku ukilalia swichi, hukataa. Na fundi wa ofisi kila mara alipewa ufunguo wa akiba kutoka kwenye droo, ulio peke yake! Msimamizi aliyaona hayo kwa macho yake, mara tatu mfululizo.

Tunawaomba kila dereva awe na daftari. Andika tarehe, saa, kama stata ilizunguka, taa ilifanya nini, na ni ufunguo upi uliotumika. Ripoti siku hiyo hiyo, na nakala ubaki nayo. Bila maandishi, ubovu unaokuja na kuondoka hukufanya uonekane mwongo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa, tajiri hajikatii tu apendavyo. Ukitishiwa kufukuzwa kwa kosa, una haki ya kusikilizwa ukiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe. Mwite mwakilishi wa chama kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Mwenzetu amerudishiwa fedha za mara ya kwanza. Za mara ya pili tungali tunazidai.