Bomba Kwanza, Dari Baadaye

Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Nyumba nyingi huku na Bomet zina paa la mabati bila dari. Anga likiwa wazi, bati hupoteza joto haraka hadi likawa baridi kuliko hewa ya nje. Pumzi za waliolala na mvuke wa sufuria hugota hapo, hugeuka matone, na alfajiri blanketi limelowa. Mwenye nyumba humwita fundi azibe tundu ambalo halipo.

Nyumba ya nyasi ya Wakipsigis, wenyeji wa huku, haikutiririsha maji hivyo. Nyasi zilihifadhi joto na moshi ukapenya polepole, ingawa macho ya mpishi yaliumia.

Siku hizi watu hufunga madirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi, ndiyo maana yanaaminiwa. Lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hupoteza fahamu bila kushtuka. Jiko la makaa lisilale na mtu, hata dirisha likiwa wazi kidogo.

Kuni nazo zina shida yake, moshi, na viwanda vya chai vinavyozungukwa na nyumba hizi vimeshajifunza somo hilo. Boila zake huchoma mikaratusi, na kuni hupangwa bandani zikauke kwanza, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa gogo lililokatwa leo ni maji. Kuyageuza kuwa mvuke hula joto, moto hupoa, na gesi za kuni hutoka bila kuungua: ndio huo moshi. Mkulima anayepeleka majani kiwandani anaziona kuni hizo zimefunikwa, kisha anarudi kwake kuwasha mbichi. Banda dogo la mabati nyuma ya jiko, miezi michache ya subira, na kikohozi cha watoto kingepungua.

Dari ya plaiwudi nayo itafaa dhidi ya matone ya bati, lakini kwa jiko la kuni mpangilio ni muhimu. Ukiweka dari kabla ya bomba la moshi, unaziba mianya ya paa iliyokuwa ikiutoa moshi nje. Bomba litangulie, nalo lipite kilele cha paa. Likiishia chini yake, upepo huurudisha moshi jikoni.