TAKA ZA HOSPITALI HUANZIA STOO



Watu wengi wakisikia habari ya hospitali na usafi wa mazingira, mawazo yao hukimbilia shimo la taka. Humlaumu mhudumu wa usafi: mbona moshi umezidi, mbona bomba la sindano limeonekana njiani? Lakini mhudumu huyo hupokea tu kile ambacho wengine wamekwisha kukiagiza, kukisafirisha na kukihifadhi. Kopo la dawa linalochomwa leo kwa sababu muda wake umekwisha, lilipotea tangu siku ile fomu ya kuagizia ilipojazwa kwa kukisia.

Ndiyo maana mwezi huu ukurasa wetu unawatazama watu ambao mgonjwa hawaoni mara kwa mara: mtunza stoo, mfamasia, mhasibu, dereva na mhudumu wa usafi. Hao wakifundishwa pamoja, taka hupungua, fedha huokolewa, na mgonjwa hupata dawa yake.

Je, hili ni jambo la afya?

Ndiyo. Sisi wa Kaloleni tunalielewa upesi, maana nyumba zetu zimebanana na moshi haujui mpaka wa kiwanja. Baadhi ya plastiki, hasa ile iitwayo PVC, ikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu ziitwazo dayoksini. Sumu hizo hukaa mwilini kwa muda mrefu na zinaweza kuleta saratani. Tena mvua za masika zikinyesha Mlima Meru, maji hushuka kwa mito ya Naura na Themi, hukatiza mji wetu, na huko chini wapo watu wanaomwagilia mboga. Dawa iliyomwagwa mferejini hailali pale ilipomwagwa.

Mwaka 2019 shirika liitwalo Health Care Without Harm lilitoa hesabu kwamba huduma za afya duniani huchangia asilimia 4.4 ya hewa chafu inayoongeza joto la dunia. Katika hiyo, asilimia 71 hutokana na mnyororo wa ugavi, yaani kutengeneza, kufungasha, kusafirisha na kutupa vitu vinavyotumika katika huduma hizo. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba vifaa vya kujikinga na korona vilivyonunuliwa kwa mpango wa Umoja wa Mataifa, kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, vilikuwa na uzito wa tani zipatazo 87,000. Sehemu kubwa ilitarajiwa kuishia kuwa taka.

Nchi yetu haikuachwa nyuma katika kazi hii. Mwaka 2018 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, pamoja na Health Care Without Harm, walianza mradi wa kusaidia ununuzi wa vifaa vya afya visivyodhuru watu na mazingira. Nchi zilikuwa 10, na Tanzania ikiwamo. Lakini elimu hiyo isiishie Dar es Salaam. Ni lazima ifike mpaka kwenye stoo ya zahanati ya parokia. Yafuatayo ndiyo masomo makubwa.

1. Kuagiza kwa hesabu

Wauguzi wa rika langu tunayakumbuka masanduku ya dawa muhimu ya miaka ya 1980 na 1990. Yaliokoa maisha ya wengi vijijini. Hata hivyo yalifungwa kwa mfano mmoja, hivyo kituo cha nyanda za baridi kilipokea dawa zile zile za kituo cha tambarare yenye mbu. Huku dawa ilizidi, kule ilipungua. Baadaye vituo vilianza kuagiza wenyewe kwa kadiri ya mahitaji. Huo ni uhuru mzuri, lakini unadai hesabu.

Chukua mfano. Zahanati hutumia makopo 10 ya dawa fulani kwa mwezi. Imeletewa makopo 200, na muda wa dawa hiyo utakwisha baada ya miezi 12. Yatatumika makopo 120, na 80 yataharibika. Makopo hayo 80 yalitengenezwa kwa umeme, yakasafirishwa kwa meli na lori, yakalipiwa, halafu yatatumia tena mafuta ili yateketezwe. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Inahitaji leja iliyojazwa kila siku. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Kupokea misaada kwa busara

Hospitali zetu za misheni zina marafiki wengi ng'ambo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini si kila katoni ni baraka. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia mwaka 1988, nchi ile ilipokea tani 5,000 za dawa na vifaa. Watu 50 walichukua miezi 6 kuvichambua. Asilimia 8 ya dawa zilikuwa zimekwisha muda zilipofika, na asilimia 4 ziliharibiwa na baridi kali.

Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa. Dawa ya msaada iwe imeombwa, iwe katika orodha ya dawa zinazotumika nchini, maandishi yake yasomeke na wapokeaji, na inapofika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja. Kumwandikia rafiki kwa adabu, "Tafadhali tuletee hiki, kile tunacho," si utovu wa shukrani. Ni uaminifu kwa sadaka yake.

3. Stoo isiyo na hofu

Kanuni ya stoo ni fupi: kinachowahi kwisha muda, kitoke kwanza. Dawa mpya ipangwe nyuma, ya zamani mbele. Katoni zisiguse sakafu wala ukuta, na hewa ipite, maana joto na unyevu huharibu dawa kabla ya tarehe yake.

Lakini kanuni peke yake haitoshi. Katika kituo kimoja niliwahi kuona katoni za dawa zilizokwisha muda zimefichwa nyuma ya magodoro. Mtunza stoo alikuwa binti mwaminifu. Aliogopa kwamba akisema, atakatwa mshahara. Kwa kuwa hakusema, hakuna aliyejua kwamba dawa ile ilikuwa imezidi pale tangu mwanzo, wakati akina mama wa kituo cha jirani walikuwa wakiambiwa wakanunue dukani. Simu moja miezi 4 kabla ingeokoa dawa na wagonjwa pia. Hivyo viongozi nao wafundishwe: mtu anayetoa taarifa mapema ashukuriwe, asiadhibiwe.

4. Kununua ukifikiria mwisho wake

Kila kitu kinachoingia kwa mlango wa mbele kitatoka siku moja kwa mlango wa nyuma. Mfano ni kipimajoto cha zebaki. Kikivunjika wodini, mvuke wake hudhuru ubongo na figo. Chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mwaka 2020 uliwekwa kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini vipimajoto vya namna hiyo. Mnunuzi achague vya kidijitali, na vya zamani vitunzwe salama hadi vichukuliwe na wahusika. Visitupwe wala kuchomwa.

Mfano mwingine tunao nyumbani. Hapa Arusha kiwanda cha A to Z kimetengeneza vyandarua vyenye dawa vilivyokinga mamilioni ya watu. Chandarua kikifungwa kimoja kimoja katika mfuko wake, mamilioni ya mifuko hubaki baada ya ugawaji. Ndiyo maana siku hizi wanunuzi wanaweza kuagiza vyandarua vilivyofungwa kwa pamoja bila mfuko wa kila kimoja. Faida hiyo hupatikana kwa neno moja katika fomu ya kuagizia. Nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya huduma za afya viliruhusiwa. Ruhusa hiyo ni dhamana, tusiitumie ovyo.

5. Gari na jokofu

Dereva naye ni mtu wa afya. Gari likienda milimani mara tatu kwa juma kwa sababu idara tatu hazikuzungumza, mafuta yanateketea bure. Safari zipangwe pamoja, matairi yajazwe upepo wa kutosha, injini ifanyiwe matengenezo kwa wakati.

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Majokofu ya mafuta ya taa yalitumia mafuta usiku na mchana, na joto lake lilipanda na kushuka. Majokofu ya kisasa ya nguvu ya jua hayana moshi. Lakini jokofu zuri bila mtu aliyefundishwa halisaidii. Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka na kuonekana nzima. Atazame kipimajoto asubuhi na jioni, na aandike.

6. Taka zirudi kwa utaratibu

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida kama za nyumbani, na 15 tu ndizo za hatari. Zikichanganywa, zote huwa za hatari. Kwa hiyo zitengwe pale pale zinapozaliwa: za kawaida kwenye chombo cheusi au cha bluu, zenye maambukizi cha njano, za maambukizi makali chekundu. Sindano ziingie kwenye kisanduku cha usalama, nacho kifungwe kikijaa robo tatu.

Njia ya mvuke wa moto huua vijidudu bila kuchoma plastiki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kubuni mashine ya namna hiyo inayoweza kutengenezwa nchini. Dawa zilizokwisha muda zisichomwe uwanjani wala kumwagwa chooni. Ziorodheshwe, zitengwe, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba itaarifiwe ili ziteketezwe kwa utaratibu.

Mafunzo yafanyikeje?

Wote wakae chumba kimoja, mganga mfawidhi na mhudumu wa usafi. Waanze kwa kutembea: kutoka shimo la taka kurudi nyuma hadi stoo, wakiuliza kila kitu kilichotupwa, "Wewe uliagizwa na nani, na kwa nini hukutumika?" Kisha wachague mambo mawili ya kurekebisha, na kila mwezi wahesabu: dawa ngapi zimekwisha muda, ngapi zimekosekana, lita ngapi za mafuta zimetumika.

Nawe msomaji una stoo yako kabatini. Usihifadhi vidonge vya mwaka juzi, wala usimpe jirani. Uliza kituo cha afya au duka la dawa jinsi ya kuvitupa. Chandarua cha zamani usikichome uwanjani wala kukitumia kuvulia samaki. Endelea kukilalia mpaka upate kipya.

Yosefu kule Misri alihesabu, akahifadhi, akagawa kwa wakati, na watu wakapona njaa. Naye Bwana wetu, baada ya kulisha maelfu, aliagiza masazo yakusanywe kisipotee chochote, vikajaa vikapu 12. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa. Mtunza stoo anayejaza leja yake kwa uaminifu anaitii Injili hiyo.

Kwa mazungumzo katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Zahanati yetu hufanya nini na dawa zilizokwisha muda? Je, kamati ya afya ya parokia imewahi kuuliza?

2. Tunapoomba misaada kwa marafiki, tunaeleza tunachohitaji hasa?

3. Nyumbani kwetu kuna dawa gani ambazo hatujui tarehe zake?