Wikendi Mombasa: Ulale Upande Gani wa Maji?

Treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi huingia Miritini giza likiwa limeshatanda. Abiria wanashuka na masanduku yao, jasho linaanza kutoka kabla hawajaufikia mlango, na huko nje makondakta wa matatu na madereva wa teksi wanawapokea kwa swali moja: "Wapi? Tauni? Nyali? Feri?" Anayejibu bila kusita ameshaipanga wikendi yake. Anayesimama kando kutafuta jina la hoteli kwenye simu ndio kwanza anagundua kwamba hoteli aliichagua, lakini mji hakuuchagua.

Wengi huchagua malazi kwa picha. Taulo limekunjwa mfano wa bata juu ya kitanda, bwawa linameremeta, mnazi umeinamia maji. Picha haimwambii mtu kitanda hicho kiko ng'ambo ipi, na kwa Mombasa hilo ndilo la kuuliza kwanza, maana mji wenyewe ni kisiwa. Kisiwa hicho kina milango michache. Upande wa bara mtu hupitia Makupa au Kipevu, akibanana na malori ya makontena ya bandari. Kaskazini kuna daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea lililokuwapo tangu 1931. Kusini, pale Likoni, hakuna daraja. Kuna feri. Kila mlango una foleni yake na saa zake mbaya, na mgeni wa siku mbili hana saa za kutupa.

Hebu zihesabiwe saa hizo. Treni za Madaraka Express, zilizoanza kubeba abiria katikati ya 2017, huondoka Nairobi asubuhi, alasiri na usiku. Anayetoka kazini Ijumaa mchana akaiwahi ile ya saa tisa hufika baada ya saa mbili usiku. Anayeikosa hupanda ya saa nne usiku, na hapo ndipo mtego ulipo: hiyo humshusha Miritini usiku wa manane, mwendo wa saa tisa na ushei, wakati hoteli nyingi hazitoi chumba hadi saa nane mchana. Ama alipie usiku wa Ijumaa ambao hataulala, ama akae mapokezi saa kumi na zaidi, mkoba miguuni, akitazama wafagizi wakianza kazi. Baadhi ya hoteli hukubali kumfungulia mgeni chumba mapema ikiwa kuna kilicho wazi, lakini hilo ni la kuulizwa kwa simu Jumatano au Alhamisi. Kuomba hisani saa kumi alfajiri mbele ya mlinzi anayesinzia ni kazi nyingine.

Jumapili hesabu inageuka. Treni ya kurudi saa tisa alasiri humtaka abiria awe kituoni mapema kwa ukaguzi. Aliyelala Mtwapa, au mbali zaidi kule Kikambala, itambidi aanze safari saa tano na nusu asubuhi kwa usalama wake, kwa kuwa barabara ya pwani ya kaskazini ina tabia zake. Hoteli nayo ilishadai ufunguo saa nne. Kwa hiyo Jumapili yake ilikwisha pale alipomaliza chai.

Basi aliyekuja kuuona mji, alale mjini. Shauri hili linaonekana jepesi, lakini wageni wengi wa Mombasa hawalifuati, maana kwa mtu wa bara neno Mombasa maana yake ni ufuo wa bahari, na kisiwani hakuna ufuo wa maana wa kuogelea. Kilichopo kisiwani ni Mombasa yenyewe. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iko hatua chache tu kutoka Mji wa Kale. Ndani ya Mji wa Kale unapita mtaa wa Ndia Kuu, na hiyo "ndia" si kosa la chapa: ndivyo Kimvita kinavyoiita njia. Hapo mtu hutembea kwa miguu tu. Anatazama milango ya nakshi na roshani za mbao, anakunywa kahawa tungu kwa vikombe vidogo vidogo, ananunua halua, na hatafuti tuktuk mpaka miguu imkatae.

Lakini Mji wa Kale una masharti yake. Nyumba za kulala wageni humo ni chache, ndogo, na nyingi zina ngazi za mwinuko mkali zisizompendeza mwenye magoti mabovu wala mwenye sanduku la kilo thelathini. Vichochoro vingine gari haliingii. Misikiti ni jirani, na adhana ya alfajiri haitamruka mtu kwa sababu ni mgeni. Anayetaka baa chini ya chumba chake amekosea mtaa. Mwezi wa Ramadhani, mchana wa huko hutulia kabisa, kisha jioni vichochoro vinafumka kwa viazi karai, mishikaki, kaimati na juisi za ukwaju. Mwenye subira ya kungoja magharibi atakula kuliko siku zote za mwaka.

Anayetaka kisiwa bila vichochoro ana Kizingo na Ganjoni, mitaa yenye miti mikubwa na barabara pana, karibu na ukingo wa bahari wa Mama Ngina uliokarabatiwa mwaka 2019. Jioni watu wa Mombasa wenyewe humiminika pale. Wanakula mihogo ya kukaanga iliyopakwa ndimu na pilipili, wanakunywa madafu, wanatazama meli kubwa zikiingia Kilindini karibu kiasi kwamba mtoto hudhani atazigusa. Kwa mtu wa siku mbili asiyehitaji kuogelea baharini, huenda hapa ndipo mahali bora kuliko pote. Na bei za vyumba vya kawaida kisiwani mara nyingi huwa nafuu kuliko za ufuoni.

Sasa kuna wale wanaotaka bahari, na wenye watoto hawana hiari. Kwao mlango ni daraja la Nyali. Ng'ambo yake mgeni hupita Kengeleni, palipoitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Frere Town, kijiji cha karne ya 19 cha watu waliokombolewa utumwani, kisha mji unatawanyika: Nyali, Bamburi, Shanzu, hadi Mtwapa, ambako kiutawala mtu keshatoka kaunti ya Mombasa akaingia Kilifi. Majina haya hutajwa kwa pumzi moja katika matangazo ya malazi, kana kwamba ni mtaa mmoja. Sivyo. Nyali bado inaweza kuitwa mji. Mtu anaweza kulala huko na kula chakula cha usiku kisiwani bila shida, mradi asivuke daraja saa za watu kutoka kazini. Bamburi ina ufuo wa umma, ule ambao wenyeji huuita Pirates, usiolipiwa kiingilio na unaojaa pomoni kila sikukuu. Vilevile kuna Haller Park, machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 hadi yakawa msitu. Ndiko alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyepotezana na kundi lake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee na kumfanya mlezi. Familia yenye watoto wadogo ikilala Bamburi inaweza kumaliza wikendi nzima bila kuvuka daraja hata mara moja, na ikarudi Nairobi imefurahi. Mtwapa ni habari nyingine. Muziki wake haulali. Anayeifuata burudani hiyo ataipata; anayetaka usingizi alipie mahali pengine.

Bahari yenyewe nayo ina ratiba, na ratiba hiyo haiandikwi kwenye tangazo la hoteli. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari anaweza kuamka Jumamosi akute bahari imeondoka, imebaki miamba, mwani na watoto wanaookota kombe, na maji ya kuogelea yako mbali kule mwambani. Saa chache baadaye yamerudi hadi kwenye ngazi za hoteli. Jedwali la maji kupwa na kujaa hupatikana bure kwenye intaneti. Ikiwa Jumamosi hiyo maji yatakupwa adhuhuri, bwawa la hoteli ghafla lina thamani kuliko ufuo wake.

Kusini tupite haraka, kwa kuwa aendaye Diani kwa usiku mbili hajaenda Mombasa. Ameenda Diani, iliyoko Kwale, na kuna ndege zinazomshusha Ukunda moja kwa moja. Ila kama amekuja kwa treni, asikubali kuzungushwa kwa feri bila sababu. Feri yenyewe huvuka kwa dakika chache, na aendaye kwa miguu halipi kitu, lakini foleni ya magari Jumapili jioni inaweza kummeza mtu saa nzima. Barabara ya Dongo Kundu sasa humtoa dereva upande wa Miritini hadi kusini bila kugusa kisiwa. Dereva wa teksi aulizwe atapita wapi kabla bei haijakubaliwa.

Baada ya upande wa maji kujulikana ndipo linakuja suala la aina ya chumba, na hapa mambo yamebadilika sana miaka ya karibuni. Nyali na Bamburi zimejaa maghorofa ambayo nyumba zake hukodishwa kwa usiku, na Wakenya huziita zote Airbnb hata zile zilizopatikana kupitia rafiki wa binamu. Kwa kundi la watu sita, hesabu yake haina mpinzani: vyumba vitatu, jiko, samaki wa kununua wenyewe asubuhi. Lakini nyumba hizi zina maswali ambayo hoteli huyajibu kimyakimya. La kwanza ni maji. Mombasa ina uhaba wa maji wa miaka mingi. Mengi hutoka mbali, Baricho na chemchemi za Mzima, na mitaani mikokoteni ya madumu ya maji matamu ni sehemu ya asubuhi. Majengo mengi hutegemea visima, na maji ya kisima cha pwani mara nyingi ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kama katani. Swali "maji ya bafuni ni matamu au ya chumvi?" humtambulisha aulizaye kuwa si mgeni mbichi, na jibu la kusitasita ni jibu tosha.

La pili ni umeme. Nyumba nyingi hutumia tokeni, na kiyoyozi hula tokeni kama mbuzi kwenye shamba la mahindi. Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kulala Mombasa bila kiyoyozi au feni nzuri ni adhabu, kwa hiyo ijulikane mapema tokeni ni za nani. La tatu ni mwenye nyumba mwenyewe. Matapeli huchukua picha za nyumba ya watu, wakadai nusu ya pesa kwa M-Pesa, kisha simu ikazimwa. Mwanzoni mwa 2024, baada ya mauaji yaliyotokea katika nyumba za aina hiyo jijini Nairobi, serikali ilizitaka zisajiliwe na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mwenye nyumba halali hakasiriki akiombwa namba ya usajili, wala hakatai kupiga simu ya video akiwa sebuleni mwake.

Kuhusu bei, tahadhari mbili zinatosha. Hoteli nyingi za pwani zina bei ya mkazi, kwa shilingi, na bei ya mgeni wa nje, kwa dola. Asiyebeba kitambulisho anaweza kulipishwa ya pili. Pia iulizwe kama bei iliyotajwa imeshabeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, maana chumba kilichoonekana rahisi Alhamisi kinaweza kunenepa Jumapili kwenye risiti. Ukilinganisha, nauli ya treni ya daraja la kawaida, iliyopandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, ndiyo sehemu ndogo ya gharama yote. Kinachomaliza mfuko ni teksi za kwenda na kurudi kati ya chumba kilichochaguliwa na mahali mtu alipotaka kuwa.

Jumapili adhuhuri, kituo cha Miritini hujaa tena. Abiria wanaamriwa waweke mizigo chini kwa mstari na kurudi nyuma, na mbwa wa polisi anapita akinusa: begi moja baada ya jingine, mifuko ya mabuyu, chupa za achari, mkeka uliofungwa kwa kamba. Aliyelala Kizingo ameshakaa kwenye kivuli, anamalizia dafu. Huko barabarani, kwenye msururu wa magari yatokayo Mtwapa, kuna mtu aliyelipia chumba kinachotazama bahari ambaye sasa anamuuliza dereva, kwa mara ya nne, kama watawahi.