Maharagwe Yale Yale, Tumbo Jingine



Katika mazungumzo yetu husikika mara kwa mara malalamiko ya namna moja. Mzazi aliyekulia mbaazi, kunde na muhogo huhamia hapa Uingereza, akakaa miaka kumi au ishirini. Kisha siku moja hula bakuli la maharagwe, na tumbo likamjaa gesi usiku kucha. Husema ni uzee, au hulaumu maharagwe ya kopo. Yamkini sababu ni nyingine.

Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Hufika kwenye utumbo mpana, ambako wamo bakteria wasio na idadi, nao huichachusha. Hapo hutoka gesi, na hutoka pia asidi zenye manufaa. Mojawapo huitwa butireti, nayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Kwa hiyo tunapokula mbaazi hatuli peke yetu, tunalisha na wageni. Na wageni wa tumbo hili sio wa tumbo lile.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946, ndiye aliyewahimiza Waingereza katika miaka ya 1970 wasidharau nyuzinyuzi, kwa kuwa aliona wanavijiji wa Afrika hawakusumbuliwa na kufunga choo kama watu wa kwao. Ushauri wake ulikuwa mwema. Lakini wengi waliufahamu kana kwamba pumba za ngano zinamfaa kila mtu sawasawa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya wanawake wa Kihmong na Kikaren waliohama kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Iligunduliwa kwamba bakteria wa aina ya Prevotella, hodari wa kuvunja nyuzinyuzi za mimea, walipungua, na wa aina ya Bacteroides wakashika nafasi yao. Mabadiliko yalianza katika miezi ya mwanzo tu ya kuhamia Marekani, yakazidi kadiri miaka ilivyopita, na kwa watoto waliozaliwa huko yakawa makubwa zaidi. Chakula peke yake hakikutosha kuyaeleza yote. Hao si sisi, lakini safari yao yafanana sana na yetu.

Huko Sweden nako, mwaka 2015, watu wenye afya walilishwa mkate wa shayiri kwa siku tatu. Baadhi yao sukari ya damu ilitulia vizuri zaidi baada ya kula. Wengine hawakupata nafuu yoyote. Waliofaidika ndio waliokuwa na Prevotella wengi zaidi.

Basi tufanyeje? Serikali hapa inashauri gramu 30 kwa siku kwa mtu mzima, na wengi hawafiki hata 20. Asizirukie kwa siku moja. Aongeze kijiko kimoja cha dengu au choroko, akae nacho wiki moja au mbili, anywe maji, ndipo aongeze tena. Akiona vitunguu na maharagwe vinamtesa, ajaribu maganda ya isabgol yauzwayo katika maduka ya Wahindi. Hayo hayachachuki sana, kwa hiyo gesi yake ni kidogo. Wala asianze majaribio haya ndani ya Ramadhani, tumbo likiwa tupu mchana kutwa.

Wapo siku hizi wauzao vipimo vya choo kwa posta, wakiahidi kumtajia mtu chakula kinacholingana na bakteria wake. Elimu hiyo ingali changa mno kutoa ahadi hiyo, na kwa maoni yangu fedha hizo heri zinunuliwe kunde.

Ila mwenye kuona damu chooni, au anayekonda bila sababu, au ambaye mwendo wa choo chake umebadilika kwa wiki tatu, huyo asingoje kunde wala isabgol: aende kwa daktari, na ikiwa haya ya lugha yamzuia, aombe mkalimani, kwani ni haki yake.