Rochdale Olympic: jina moja, miguu ya mbele miwili tofauti

Anayetafuta spea za mbele za Rochdale Olympic asiridhike na jina la gari. Magari haya ya Uingereza ni machache, kama 400 tu, na mengi yaliuzwa vipandevipande. Mnunuzi aliunganisha gari lake nyumbani na hivyo kuepuka kodi ya mauzo.

Bodi ni ya faiba, haina chasisi ya kawaida chini yake. Miguu ya mbele kiwanda kiliazima kwingine: toleo la kwanza, la 1960, lilitumia ya Morris Minor, la pili, la 1963, ya Triumph Spitfire.

Piga jeki, ondoa tairi, chungulia. Kama hakuna springi ya koili, bali ufito mrefu wa chuma unaoelekea nyuma chini ya gari, hilo ni toleo la kwanza. Ufito huo ndio springi yenyewe. Gurudumu likipanda, unajisokota. Shokapu ni kiboksi cha mafuta chenye mkono, na mkono huo ndio unaoshika mguu kwa juu. Toleo la pili lina koili iliyozunguka shokapu ndefu, pamoja na breki za diski.

Mwaka kwenye kadi ya gari si ushahidi. Gari lililofungwa nyumbani huenda lilibadilishwa vifaa zamani, na koili za Spitfire hazina pa kukaa kwenye mguu wa Minor. Muuzaji apigiwe picha za pande zote mbili kabla pesa haijatumwa.