Guangzhou: Siku Tatu Nje ya Soko la Mzigo

Ukitaja Guangzhou pale Kariakoo au Eastleigh, mtu anafikiria mzigo: kontena, sampuli, wakala, bei ya jumla. Wafanyabiashara wetu wameuzoea mji huu kwa miaka mingi sasa, lakini wengi wao wanajua njia mbili tu, ya kutoka hotelini kwenda sokoni na ya kutoka sokoni kurudi hotelini. Hasara yao, maana mji huu ulishapokea majahazi ya Waarabu na Waajemi kabla ya Kilwa kujengwa Msikiti Mkuu wake. Siku tatu zinatosha kuuona vizuri, mradi zipangwe kwa mitaa.

Ukubwa wake ndio unaowaponza wageni. Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong kusini mwa China, una watu zaidi ya milioni 18. Anayetaka asubuhi mnara mpya, mchana msikiti wa kale na jioni kisiwa cha Wazungu ataishia kuifahamu treni ya chini ya ardhi kuliko mji wenyewe. Chagua upande mmoja kwa siku, uumalize kwa miguu.

Kwanza majira. Kuanzia Aprili hadi Septemba kuna joto, mvua nyingi na unyevu unaofanya shati lisikauke, na kati ya Juni na Septemba huweza kuja tufani. Oktoba hewa ni nzuri, lakini wiki ya kwanza ni sikukuu ya taifa na nusu ya China iko barabarani. Baada yake huanza maonyesho ya biashara ya Canton, jina la zamani la mji huu, yanayofanyika tangu 1957 kila masika na kila vuli, na bei za hoteli hupanda. Kwa mtalii, kipindi kizuri ni kuanzia katikati ya Novemba hadi Desemba. Usiku beba sweta.

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza kabla ya kuondoka. Ya utalii ni ya herufi L, ya biashara ni M. Zipo ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na wengi hupitia Addis Ababa. Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Ukilala hotelini, hoteli yenyewe ndiyo inayokuandikisha polisi. Ukilala kwa ndugu au rafiki, jiandikishe ndani ya saa 24. Pasipoti isikutoke, maana huulizwa hata kwenye makumbusho.

Jambo linalowahangaisha wageni ni simu. Ramani za Google, WhatsApp na Instagram hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China, ingawa laini ya nyumbani iliyounganishwa kutumika nje ya nchi kwa kawaida hupitisha. Malipo nayo ni ya simu: muuza machungwa anakuonyesha karatasi yenye alama za mraba, unaipiga skani kwa Alipay au WeChat. Programu hizo sasa zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, kwa hiyo zisajili ungali nyumbani, wakati ujumbe wa uthibitisho wa benki bado unakufikia bila shida. Noti za yuan zinapokelewa, ila chenji huweza kuwa kazi. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi zao, basi nunua adapta. Na jina la hoteli liwe limeandikwa kwa herufi za Kichina, kwani dereva hatasoma Kiingereza.

Siku ya kwanza iwe ya mji wa kale, eneo la Yuexiu. Shuka kituo cha Yuexiu Park, uanzie Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue. Mwaka 1983 mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa majengo walikuta kaburi la Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola ya Nanyue, aliyefariki zaidi ya karne moja kabla ya Kristo. Alizikwa katika vazi la vipande zaidi ya elfu mbili vya jiwe la jade, vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri, na mahali pa vidole vipande vinapungua mpaka kuwa vidogo kama kucha. Msomaji wa pwani atasimama zaidi kwenye kabati jingine: pembe tano za ndovu, ambazo wataalamu wa makumbusho wanazihusisha na tembo wa Afrika, na karibu yake sanduku la fedha lenye mtindo wa Uajemi.

Vuka barabara uingie bustani ya Yuexiu. Humo kuna sanamu ya mbuzi watano, alama ya mji, kutokana na hadithi ya wazee watano wa mbinguni walioshuka juu ya mbuzi wakiwa na mashuke ya mpunga, wakauombea mji usipate njaa. Juu ya kilima uko Mnara wa Zhenhai, ghorofa tano nyekundu zilizojengwa mwaka 1380.

Jirani na bustani uko Msikiti wa Xianxian. Ikiwa siku yako ya kwanza ni Ijumaa, una bahati. Waumini kutoka Mali, Yemen, Pakistan na kwetu hujaa hadi nje, na baada ya swala njia inakuwa soko la mishikaki ya kondoo na mikate ya Waislamu wa magharibi mwa China. Msikiti wa kale zaidi, Huaisheng, uko kusini kidogo, karibu na kituo cha Ximenkou. Mapokeo ya wenyeji humtaja Sahaba Saad bin Abi Waqqas kuwa mwanzilishi wake. Mnara wake mweupe, wa mita 36 hivi, hauna pambo wala roshani. Zamani uliwaka taa za kuongoza vyombo mtoni. Malizia jioni mtaa wa Beijing Lu, ambapo chini ya sakafu ya kioo unaona tabaka za barabara zilizojengwa moja juu ya nyingine tangu enzi ya Tang.

Siku ya pili ni ya magharibi, eneo la Liwan. Jumba la Ukoo wa Chen lilikamilika miaka ya 1890 kwa michango ya watu wenye jina la Chen kutoka wilaya 72, ili vijana wao wanaokuja kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905, jumba likabaki. Inua macho: mgongo wa paa umejaa watu, farasi na majumba ya udongo uliochomwa. Hilo ndilo la kuona, vyumba vya ndani vinaweza kungoja.

Kutoka hapo treni hufika Huangsha, mkabala na kisiwa cha Shamian. Baada ya Vita vya pili vya Afyuni, Waingereza na Wafaransa walijitwalia eneo hili, wakajenga benki, makanisa na balozi ndogo chini ya miti mikubwa yenye mizizi inayoning'inia. Kabla ya hapo, kuanzia 1757 hadi 1842, Wazungu wafanyabiashara waliruhusiwa bandari hii peke yake katika China nzima. Chai na hariri za kwenda Ulaya zilipitia hapa.

Kisha fuata mto kwenda mashariki hadi mtaa wa Yide Lu, kwenye kanisa kuu la mawe matupu lililojengwa na Wafaransa kati ya 1863 na 1888. Maduka yanayolizunguka yanauza vyakula vikavu vya baharini kwa magunia. Jongoo wa bahari, ambaye wavuvi wetu humwokota maji yakitoka na ambaye jikoni kwetu hana kazi, hapa amepangwa kwenye mitungi ya kioo kwa ukubwa na daraja, na bei yake inamshinda kamba.

Asubuhi ya siku ya tatu, kanywe chai kama wenyeji. Familia nzima hukaa meza moja, babu na gazeti lake, na vikapu vya mianzi vyenye maandazi madogo ya mvuke huletwa kimoja kimoja. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo shukrani. Birika likiisha maji, acha mfuniko upande. Mwislamu achunge: nyama ya nguruwe na mafuta yake vimo hata ndani ya vitu vinavyoonekana vya kamba tupu. Atafute mikahawa yenye neno halali kwa Kiarabu. Tambi za Lanzhou, zinazovutwa kwa mkono mbele yako, ziko karibu kila mtaa.

Mchana nenda mji mpya wa Zhujiang. Hapo kuna jumba la opera lililobuniwa na Zaha Hadid, makumbusho ya jimbo, na ng'ambo ya mto Mnara wa Canton wa mita 600. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, basi usianze ziara siku hiyo. Kupanda mnara ni ghali na ukungu huweza kukunyima mandhari. Boti ya usiku kwenye Mto Zhujiang inakuonyesha mnara huohuo na madaraja yote kwa bei nafuu.

Kwa mwenye mzigo wa kununua, siku hizi tatu zitangulie manunuzi. Ukishalipa malipo ya awali, simu haitakoma: kiwanda kinauliza rangi, wakala anauliza vipimo. Na ukibanwa ukabaki na siku moja tu, ipe Yuexiu yote, kuanzia pembe za ndovu mpaka mnara wa Huaisheng. Minara ya vioo utaiona hata kupitia dirisha la teksi.