Picha za Vijiwe na Jasho la Wakulima katika Makumbusho ya Bardo

Jina Afrika, ambalo leo ni la bara letu zima, Warumi wa kale walilitumia kwa jimbo lao moja tu la kaskazini, ambalo sehemu yake kubwa sasa ni nchi ya Tunisia. Walilitwaa walipouteketeza mji wa Carthage mwaka 146 kabla ya Kristo, na baadaye likawa ghala la Roma. Meli zilivuka bahari zikiwa zimejaa ngano na mafuta ya zeituni. Apendaye kuyaona mambo ya zamani hizo na aende Tunis, kwenye makumbusho ya Bardo, yaliyofunguliwa mwaka 1888 ndani ya jumba la watawala wa nchi hiyo walioitwa Mabey.

Fahari ya mahali hapo ni mozaiki, yaani picha za vijiwe. Mafundi walitandaza chokaa mbichi sakafuni, wakapanga juu yake vijiwe vidogo vya rangi mbalimbali, hata ikatokea sura ya mtu, samaki au mti. Wageni husongamana mbele ya sura ya mshairi Virgil, iliyotoka Sousse, nayo ni nzuri kweli. Lakini kwa maoni yangu mkulima atafaidika zaidi akisimama mbele ya picha ya Bwana Julius, iliyochimbuliwa Carthage.

Katikati ya picha hiyo ipo nyumba kubwa yenye minara. Bwana anawasili juu ya farasi wake. Upande wa pili watu wanakwenda kuwinda na mbwa. Juu, bibi ameketi kivulini akijipepea. Chini, mtumishi anampa bibi mkufu, na bwana ameketi akipokea barua iliyoandikwa jina lake. Na hao wengine? Wanavuna zeituni, wanachunga kondoo, wanaleta bata, samaki, zabibu, sungura na mwana-mbuzi. Mikono yote inayobeba kitu inaelekea kwa bwana na bibi. Aliyelipia picha ndiye aliyechagua mambo ya kuonyeshwa, wala haikumpasa kuonyesha deni la mtu.

Habari za deni twazipata katika mawe yaliyochongwa maandishi. Jiwe moja, lililookotwa Henchir Mettich na kuwekwa Bardo, ni la wakati wa Kaisari Trajan, mwaka 116 au 117. Laeleza kwamba mpangaji atatoa theluthi ya ngano, ya shayiri, ya divai na ya mafuta, na kipimo kimoja cha asali kwa kila mzinga. Lakini aliyepanda mizeituni mahali pasipolimwa hakudaiwa kitu katika mavuno 10 ya kwanza. Hapo sheria ilikuwa na akili, kwani mzeituni hukawia kuzaa, na nani atapanda mti ambao matunda yake ya kwanza yataliwa na mwingine?

Sheria ni kitu kimoja, na msimamizi ni kitu kingine. Katika nchi hiyo hiyo, mahali paitwapo Souk el-Khemis, lilipatikana mwaka 1879 jiwe lenye malalamiko ya wapangaji wa shamba la Kaisari Commodus, aliyetawala tangu mwaka 180 hadi 192. Walisema kwamba mkodishaji mkuu alikuwa amepatana na mawakili wa Kaisari, akiwatoza siku za kazi kupita kiasi. Walipolalamika, waliletewa askari. Wengine walifungwa minyororo, wengine wakapigwa fimbo, hata waliokuwa raia halali wa Roma. Walijieleza kuwa ni watu maskini waishio kwa kazi ya mikono yao, wasioweza kushindana na tajiri apendwaye na wakubwa.

Kaisari aliwajibu. Aliagiza wasidaiwe zaidi ya siku sita kwa mwaka: mbili za kulima, mbili za palizi na mbili za mavuno. Nao wakachonga malalamiko yao na jibu hilo juu ya jiwe, wakalisimamisha shambani pale pale, ambapo msimamizi hangeweza kupita asilione.